Shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao: Mambo ya kujua kwa muuguzi wa Bukoba na Muleba kabla ya kulipa ada

Swali hili hutufikia kila mara tunapomaliza vipindi vya afya: je, muuguzi mwenye stashahada, mwenye leseni na ajira, anaweza kusoma shahada akiwa palepale kituoni kwake kwa kutumia simu au kompyuta?

Jibu fupi ni kwamba sehemu ya masomo inawezekana na sehemu nyingine haiwezekani. Na kabla ya yote kuna jambo moja la kukagua: kama shahada hiyo inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC). Asiyelikagua mapema anaweza kumaliza masomo, akalipa ada yote, na kubaki na cheti ambacho hakimbadilishii cheo, mshahara wala leseni.

Katika makala haya tunaeleza mfumo ulivyo, njia zilizopo kwa aliyeko Kagera, na maswali ya kuuliza kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ngazi za uuguzi nchini

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inatofautisha muuguzi aliyeandikishwa na muuguzi aliyesajiliwa. Wa kwanza ana astashahada, yaani cheti. Wa pili ana stashahada au zaidi. Wote wawili wanatakiwa kuwa na leseni hai kutoka TNMC.

Katika utumishi wa umma tofauti hii inaonekana kwenye jina la cheo. Mwenye astashahada anaajiriwa kama Muuguzi Daraja la II, mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, na mwenye shahada kama Afisa Muuguzi Daraja la II. Ngazi za mshahara zinazolingana na vyeo hivyo ni TGHS A, TGHS B na TGHS C.

Makala haya yanamhusu hasa huyo wa katikati. Mwenye astashahada anatakiwa kwanza apate stashahada, maana shahada ya uuguzi haiingiliwi moja kwa moja kwa cheti.

Shahada ya kwanza ya uuguzi nchini ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1988, wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo inatolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo MUHAS chenyewe, Chuo Kikuu cha Dodoma, Hubert Kairuki cha Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na CUHAS kilichopo Bugando, Mwanza. Kwa mtu wa Bukoba au Muleba, Bugando ndiko karibu zaidi, na hata huko ni lazima kuvuka ziwa au kulizunguka kwa basi kupitia Biharamulo na Geita.

Kwa nini jambo hili ni zito Kagera

Mkoa wetu umezoea kukutana na magonjwa mazito mapema. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI walioripotiwa nchini mwaka 1983 walikuwa wa Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umezuka Bukoba Vijijini ni Marburg. Mlipuko huo ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023, baada ya watu 6 kufariki, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya. Januari 2025 Marburg ilithibitishwa tena, safari hii Biharamulo.

Katika matukio ya namna hiyo, mara nyingi muuguzi ndiye anayemwona mgonjwa wa kwanza. Ndiye anayetakiwa kushuku kwamba homa hii si malaria ya kawaida, kumtenga mgonjwa, kujikinga na kutoa taarifa. Masomo ya shahada yanaongeza nguvu katika maeneo hayo hayo: kutathmini hali ya mgonjwa, kusoma takwimu, afya ya jamii, uongozi wa wodi na utafiti.

Upo utafiti unaotajwa sana katika suala hili. Ulichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet, ukiongozwa na Linda Aiken, na ulihusu hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya na wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Ulionyesha kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa ulipungua kwa asilimia 7. Ulionyesha pia kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kuhudumia, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7.

Hospitali za Ulaya si sawa na zetu, lakini matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza tatizo letu vizuri. Elimu ya muuguzi inaokoa maisha, na idadi ya wauguzi waliopo wodini nayo inaokoa maisha. Zahanati ya kisiwani Goziba au Bumbire ikimpeleka muuguzi wake Mwanza kwa miaka kadhaa, inapata elimu kwa mkono mmoja na kupoteza mtu kwa mkono mwingine. Masomo ya masafa na mtandao yanapendwa kwa sababu yanaahidi kimoja bila kupoteza kingine. Ahadi hiyo ndiyo ya kuipima.

Mtandao unaweza nini, na nini hauwezi

Masomo ya nadharia yanasomeka vizuri kwa mtandao. Takwimu, mbinu za utafiti, uongozi na utawala, maadili ya taaluma, sera ya afya, saikolojia na sehemu kubwa ya afya ya jamii ni mambo ya kusoma, kuandika kazi na kujadiliana. Muuguzi aliye kazini ana faida hapa, kwa sababu mifano anayo mbele yake kila siku.

Mafunzo kwa vitendo hayaingii kwenye kioo cha simu. Kumhudumia mgonjwa mahututi, kushughulikia mama anayetoka damu baada ya kujifungua, kumhudumia mtoto njiti: haya yanahitaji wodi, mgonjwa, na msimamizi anayekuangalia na kukusahihisha. Chuo kinachosema shahada nzima ya uuguzi itasomwa kitandani bila kugusa wodi kinatakiwa kutiliwa shaka.

Ubishi unaoletwa mara nyingi ni huu: muuguzi tayari yuko wodini, kwa nini asihesabiwe? Hoja hiyo ina uzito, lakini zamu ya kawaida na mafunzo si kitu kimoja. Zamu inahesabika kuwa mafunzo pale chuo kinapokuwa kimeikubali hospital hiyo kama kituo cha mafunzo, kuna msimamizi mwenye sifa, na kuna daftari la kazi linalosainiwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba, na hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo wilayani Muleba, zina wodi na wagonjwa wa kutosha. Swali la kukiuliza chuo ni kama kina makubaliano ya maandishi na mojawapo ya hospitali hizo.

Tujifunze kwa Kenya

Mfano ulio karibu nasi kuhusu wauguzi kusoma kwa kompyuta bila kuacha kazi unatoka Kenya. Mwaka 2005 shirika la Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya, kampuni ya Accenture na wadau wengine walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti kufikia stashahada. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Kwa uwezo wa madarasa ya kawaida ya wakati huo, ilikadiriwa kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100.

Kompyuta ziliwekwa kwenye vituo vya kusomea ndani ya hospitali na vyuo nchini kote, masomo yakatengenezwa kwa ajili ya kusomwa kwenye kompyuta, na baadaye sehemu yake ikahamia kwenye simu. Muuguzi aliendelea na ajira yake. Mafunzo kwa vitendo yalibaki hospitalini chini ya wasimamizi.

Ule ulikuwa mpango wa stashahada, si wa shahada. Lakini funzo lake linatuhusu. Baraza lenyewe la wauguzi lilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyemaliza akaambiwa cheti chake hakijulikani. Na palikuwa na mahali pa kwenda kusomea. Muuguzi hakuachiwa apambane peke yake na bando.

Njia zilizopo kwa aliyeko Bukoba na Muleba

Ya kwanza ni kwenda chuoni kwa muda wote. Ndiyo njia ya kawaida, na kwa watu wetu wengi maana yake ni Mwanza, Dodoma, Moshi au Dar es Salaam. Inahitaji ruhusa ya mwajiri, na familia inabaki nyuma.

Ya pili ni programu za walio kazini. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikitoa Afrika Mashariki, ikiwemo Dar es Salaam, shahada kwa wauguzi wenye stashahada ambao wanaendelea na kazi na kuingia darasani siku chache kwa wiki. Ni mpango mzuri kwa muuguzi wa Temeke au Kibaha. Kwa muuguzi wa Kamachumu, aliye mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,000, siku mbili za darasa kwa wiki zinamtaka ahame.

Ya tatu ni mchanganyiko: nadharia kwa mtandao, kisha vipindi vya wiki kadhaa chuoni au hospitalini kwa vitendo na mitihani. Kwa mazingira yetu huu ndio muundo unaofaa zaidi, na ndio wa kuulizia unapowasiliana na chuo chochote. Usiulize tu "mna masomo ya mtandaoni?" Uliza ni wiki ngapi kwa mwaka utatakiwa kuwepo kwa mwili, na wapi.

Ya nne ni kuvuka mpaka. Kutoka Bukoba kwenda Mutukula si mbali, na Uganda ina historia ndefu katika fani hii: Makerere ilianza shahada ya uuguzi mwaka 1993, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nacho kina idara ya uuguzi. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo halikufuta taratibu za leseni. Shahada ya Uganda au Kenya bado inapaswa kupita TCU ili itambuliwe, na mwenye nayo bado anawajibika kwa TNMC.

Yale matangazo ya Marekani kwenye simu

Ukitafuta kwenye intaneti shahada ya uuguzi kwa muuguzi aliyesajiliwa, yanayokuja juu ni matangazo ya vyuo vya Marekani: mwaka mmoja au miwili, yote mtandaoni. Matangazo hayo mengi ni ya kweli, ila hayakuandikwa kwa ajili yako.

Kule wauguzi wengi wanaingia kazini kwa elimu ya chini ya shahada, kisha wanajiendeleza. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020. Desemba 2017 jimbo la New York lilipitisha sheria inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka 10 tangu kupata leseni. Ndipo soko la shahada za mtandaoni likakua sana.

Vyuo vingi vya aina hiyo vinamtaka mwombaji awe na leseni hai ya muuguzi aliyesajiliwa nchini Marekani, inayopatikana kwa kufaulu mtihani wa NCLEX. Muuguzi wa Muleba mwenye leseni ya TNMC pekee kwa kawaida hana sifa hiyo. Ukiona chuo cha nje kinachokukubali haraka, bila kuuliza leseni wala matokeo yako, na kinataka fedha ya kujiandikisha leo hii, simama hapo hapo.

Sifa za kujiunga

Mwongozo wa TCU wa udahili hutolewa kila mwaka, na ndio wa kufuata. Kwa miaka ya karibuni, mwenye stashahada ya uuguzi anayeomba shahada ametakiwa kuwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Pamoja na hiyo, anatakiwa kuwa na alama isiyopungua D katika matokeo ya kidato cha nne kwenye Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Hilo la kidato cha nne ndilo linalowakwamisha wengi. Mtu ana miaka 12 kazini, ni hodari wodini, lakini ana F ya Hisabati au Fizikia. Dawa yake ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani, NECTA. Mtihani hufanyika Novemba na usajili hufunguliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayesubiri hadi msimu wa senene ndipo aulize, ameshachelewa mwaka huo.

Hesabu ya saa

Watu huhesabu ada na kusahau saa. Katika mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kusoma, ukijumlisha darasa, kujisomea, vitendo na mitihani. Mwaka kamili wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40, ni saa 30 kila wiki.

Saa 30 juu ya zamu za wiki nzima, na shamba, na watoto, ni karibu ajira ya pili. Anayeweza kupata saa 15 kwa wiki atachukua miaka miwili kumaliza kazi ya mwaka mmoja. Si aibu, ila ajue mapema, na aulize chuo kinaruhusu muda wa juu wa miaka mingapi kabla mwanafunzi hajafutwa. Aulize pia kama masomo aliyofaulu kwenye stashahada yanaweza kupunguziwa mzigo huo.

Fedha, umeme na mtandao

Gharama si ada peke yake. Andika kwenye karatasi: ada, michango ya chuo, mitihani, kompyuta mpakato, bando, nauli, malazi ya wiki za chuoni, na posho ya atakayebaki na watoto. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati na imewarahisishia wengi safari ya Mwanza, lakini safari nne kwa mwaka bado ni fedha.

Kwa bando, ukubwa wa faili ndio unaoamua. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kula zaidi ya MB 500. Sura nzima ya maandishi haifiki hata MB chache, na sauti iko katikati. Chuo kinachokuruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao kinakufaa kuliko kinachokutaka uwe hewani saa nzima, hasa kama uko kisiwani au nyuma ya mlima ambako mtandao unakuja na kuondoka. Pakua ukiwa mjini, soma ukirudi.

Ada ya kila muhula ikitegemea msimu wa kahawa, kiulize chuo kama kinakubali malipo kwa awamu, na tarehe zake ni zipi.

Mwajiri ajue kabla

Mtumishi wa halmashauri anapaswa kuomba ruhusa ya masomo kwa maandishi, kupitia kwa mfawidhi wa kituo na Mganga Mkuu wa Wilaya hadi kwa Mkurugenzi. Hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo ni za mashirika ya dini, na wanaofanya kazi humo wapo walioajiriwa na kanisa na wapo walioajiriwa na serikali. Jua mwajiri wako ni nani kabla hujaandika barua.

Anayesoma kimyakimya kwa sababu "ni mtandaoni tu" hujikuta na tatizo mwishoni, anapoomba kubadilishiwa cheo. Mabadiliko hayo yanategemea nafasi kwenye ikama na bajeti, na mwajiri asiyejua kwamba unasoma hawezi kukuwekea nafasi.

Serikali nayo hukagua vyeti. Aprili 2017 uhakiki ulibaini watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Cheti kisichotambuliwa si sawa na cha kughushi, lakini kwenye faili lako chote hakikusaidii.

Maswali saba ya kukiuliza chuo

1. Je, programu hii yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na TCU kwa muundo huu wa masafa?
2. Je, TNMC inaitambua, na mhitimu atasajiliwa kwa ngazi ipi?
3. Mafunzo kwa vitendo yatafanyika hospitali gani, na nani atasimamia?
4. Nitatakiwa kuwepo chuoni wiki ngapi kwa mwaka?
5. Mhitimu aliye kazini anatakiwa kufanya mwaka wa mazoezi baada ya shahada, au la?
6. Masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao?
7. Nikiugua au nikihamishwa kituo, naweza kuahirisha bila kupoteza nilichosoma?

Pata majibu kwa maandishi. Kisha mawili ya kwanza yathibitishe mwenyewe TCU na TNMC, si kwa mtu wa udahili wa chuo. Lipa baada ya hapo.

Na kwa wenye maamuzi katika halmashauri zetu na majimbo ya kanisa: chumba kimoja chenye kompyuta chache, umeme wa akiba na mtandao, pale hospitali ya rufaa na kingine Muleba, kingewatosha wauguzi wengi kusoma kwa zamu. Wakenya walianza na chumba kama hicho.